Ngazi ya Hakika

Jumatatu, 4 Machi
Mkaguzi anakuja Alhamisi! Anatafuta mkuu wa idara ya Kiingereza. Ni mimi au Miwani, mwalimu wa chumba cha pili. Ni mimi. Nimeshamwambia mke wangu aanze kuniita Mkuu. Amesema labda. Huyu ndiye anayenivunja moyo.

Nitafundisha namna ya kusema jambo ni hakika, labda, au haiwezekani. Taabu ni kwamba wanafunzi wangu ni watu wazima, wanakuja wamechoka na kazi zao, na kila swali wanajibu "yesi". Hata ukiwauliza jina.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata dawa! Ngazi za nje ya darasa. Chini ni haiwezekani, katikati labda, juu hakika. Nikiuliza, wakimbilie ngazi yao na kupaza sauti kwa Kiingereza. Kuelewa kutachelewa, kwa hiyo wanakariri mfuatano tu. Swali la kwanza: je, mimi naweza kugeuka tembo? Wote chini. La pili: je, mvua itanyesha? Katikati. La tatu: je, mwalimu wenu anafaa kuwa mkuu? Wote juu!

Fundi cherehani, yule mama wa dawati la nyuma, kauliza kama mtu anaweza kusimama pale anapoamini mwenyewe. Nimemwambia aache ubishi.

Nyumbani nimemfundisha mke wangu mchezo huo kwenye ngazi za mlangoni. Kaushika upesi.

Jumatano, 6 Machi
Mazoezi. Wanakimbia bila hata kusubiri swali liishe! Miwani kachungulia, eti afadhali niwaache wafikiri. Kijicho hicho. Mke wangu kauliza itakuwaje mkaguzi akiuliza mwenyewe. Haiwezekani.

Alhamisi, 7 Machi
Kauliza mwenyewe! Mkaguzi ni bonge la mtu, hata kupumua anahema. Kaichukua karatasi yangu ya maswali, akaanza na la mwisho, eti ana haraka. Je, mwalimu wenu anafaa kuwa mkuu? Darasa likateremka mbio hadi chini. Haiwezekani! Kwa sauti moja, kwa matamshi safi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mvua ilipita salama. Kisha akasoma, kama nilivyoandika: je, mimi naweza kugeuka tembo? Wote juu. Hakika! Kuna waliopiga makofi.

Fundi cherehani peke yake, kwenye swali langu, alibaki katikati. Alipoulizwa sababu, akasema kwa Kiingereza ambacho sikumfundisha kwamba labda nitafaa, nikijifunza kusikiliza. Mkaguzi akampa mkono.

Ijumaa, 8 Machi
Miwani ndiye mkuu. Nimelia chooni, nimefungulia bomba wasinisikie.

Fundi cherehani nimempa sifuri. Hakusimama nilipomwelekeza.

Lakini kosa nimeligundua! Tulikariri kuanzia mwanzo tu. Jumatatu tunaanza kukariri kinyumenyume. Nafasi ya naibu iko wazi, na nimemwambia mke wangu kwamba hiyo ni yangu. Ameinuka, ametoka mlangoni, amekwenda kusimama kwenye ngazi ya chini kabisa.

Nadhani anapunga upepo.