Salamu Kwanza, Mgonjwa Baadaye

Kuanzia Jumatatu, tatizo la uandishi mbovu wa wauguzi wanafunzi lilikwisha katika pwani yote ya Ziwa Mweru, kutoka Nchelenge hadi Chienge, visiwa vikiwemo. Mratibu wa Mpango wa Kuinua Kalamu za Wauguzi, Bwana Davison Kabaso, alilitangaza jambo hilo mwenyewe kwa kipaza sauti. Na kwa kuwa aliyetangaza ndiye aliyepaswa kuhakikisha, hakukuwa na haja ya uchunguzi zaidi.

Chanzo cha tatizo alikuwa amekigundua bila kusaidiwa na mtu. Wanafunzi wa chuo cha uuguzi waliandika habari za mgonjwa kama watu wenye haraka. Waliingia moja kwa moja kwenye homa. Je, katika nchi hii, hata kwenye uzinduzi wa choo cha sokoni, nani aliwahi kufungua kinywa kabla ya kutambua wageni mmoja mmoja kwa vyeo vyao? Itifaki ni nguo ya maneno. Kwa nini ripoti ya mgonjwa itembee uchi?

Akatoa waraka. Kila ripoti ianze kwa kutambua ofisi ya mkoa, ofisi ya wilaya, chifu, wachungaji wa makanisa yote, Mratibu wa Mpango, na mwisho mgonjwa mwenyewe, iwapo yupo. Ripoti isiyo na itifaki isipigwe muhuri, na mgonjwa wake asiingizwe wodini.

Matunda yalionekana upesi. Levy, mwanafunzi bora, aliandika habari za mama mwenye uchungu kwa ukamilifu mkubwa hata mtoto akazaliwa katika ukurasa wa pili, akaongezwa kwenye orodha ya wageni waalikwa. Bwana Kabaso aliisoma ripoti ile mara mbili, machozi yakimlengalenga.

Aliyemkera alikuwa Joëlle Ngoy, binti mpole wa kambi ya wakimbizi ya Mantapala, ambaye kabla ya waraka kukauka wino alikuwa ameandika hivi: "Mtoto anaharisha tangu jana. Macho yameingia ndani. Hawezi kunywa. Apewe dripu sasa." Muuguzi mmoja mzembe aliipokea bila kuuliza. Mtoto akapewa dripu, akapona, akarudishwa nyumbani mgongoni kwa mama yake, jambo ambalo halikuhusiana na hoja.

Bwana Kabaso akamwita ofisini.

"Umemtambua nani hapa?"

"Mama ya mutoto, Bwana. Nilimusalimia."

"Kwa maandishi?"

"Kwa mukono, Bwana. Alikuwa analia."

"Na hii 'sasa' ni nini? 'Sasa' ni neno la wachuuzi wa samaki. Muuguzi msomi anaandika: katika muda mwafaka utakaoridhiwa na wadau."

"Mutoto hakuwa na nguvu ya kungoya, Bwana."

Alisema hivyo akiangalia viatu vyake. Bwana Kabaso alipenda watu wanaoangalia viatu vyao, lakini sheria ni sheria. Akamweleza kwamba Jumamosi, baada ya uzinduzi rasmi wa Mpango, atatia sahihi barua ya kumwondoa chuoni.

"Bwana, baba ameshaambia kanisa yote kule kambini, mutoto wake iko nasoma uuguzi."

"Basi ataliambia tena."

Jumamosi ikafika. Mahema yalipigwa karibu na hospitali, upande wa ziwa, na wageni walitoka hadi Kilwa, ng'ambo ya ziwa, kwa boti. Utambuzi wa wageni ulikwenda vizuri sana. Ulipokwisha, muda wa hotuba ulikuwa umekwisha pia, wakaenda kula. Wakaletewa bukari, ugali wa huko, na samaki wakubwa wa kuchoma.

Watu wa ziwa hawaongei na samaki mdomoni. Kila mtoto wa Nchelenge hufundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kuomba. Meza nzima ikanyamaza, vidole vikitafuta miiba. Bwana Kabaso aliona ukimya ule kuwa nafasi adhimu.

"Kwa mfano huyu binti Ngoy," alisema huku akitafuna, "nikimaliza kula tu, namwaga wi—"

Mwiba ulisimama kooni kama mlinzi. Alikohoa, akameza tonge zima la bukari, mwiba ukazidi kukita. Sauti ikakatika. Mate yakaanza kumtiririka juu ya tai. Wakamshika mikono wakamkimbiza mapokezi, wageni wakifuata kwa mpangilio wa vyeo.

Tabibu Chisala alikuwa ndani, koleo tayari mkononi. Mlangoni alisimama Sista Ireen Mpundu, mwenye muhuri.

"Ripoti iko wapi?"

Levy alishakaa na karatasi. "Kwa heshima na taadhima," aliandika, "ninatambua uwepo wa…" Mwandiko wake ulikuwa mzuri mno. Akafika kwa wachungaji. Makanisa ya Nchelenge si machache, na Levy hakutaka kukosana na hata moja.

Joëlle alikuwa amepiga magoti mbele ya mgonjwa, akimshikia beseni la mate na kumpanguza kidevu. "Inama mbele, Bwana. Pumua pole pole. Usimeze tena kitu."

Bwana Kabaso aliona giza likimjia. Akampokonya Levy kalamu, akachana kipande cha ratiba ya sherehe, akaandika: "Mwiba kooni. Nakufa. Sasa!"

Sista Ireen alikisoma kwa makini. "Awe, hapana, ba Kabaso. Hapa hata chifu hayupo."

Mgonjwa alitoa macho.

"Si mimi, ni waraka. Mukitaka, andika tena. Tutangoya."

"Mama Sista," Joëlle alisema, "yeye mwenyewe ndiyo ameandika. Nani hapa atamusahihisha?"

Sista akawatazama wageni. Wageni wakatazama ziwa. Hakuna aliyekuwa na cheo hicho. Muhuri ukapigwa, pah!, na mwiba ukatoka kabla Levy hajamaliza Wapentekoste.

Jumatatu kamati ya Mpango ilikaa. Tatizo lilikuwa zito: ofisi ya mkoa iliona kwa macho yake hati isiyo na itifaki ikipigwa muhuri. Kusema Mratibu alikosea haikuwezekana. Wajumbe wote walikuwa wameteuliwa na Mratibu. Ilibaki njia moja. Kamati ikaazimia kwamba maneno yale yalikuwa kielelezo kipya, kilichobuniwa na Mratibu kwa kujitoa mhanga, na kuanzia siku hiyo kila muuguzi aandike hivyo. Joëlle Ngoy akabaki chuoni. Alipewa onyo kwa kurefusha maneno.

Bwana Kabaso alitaka kupinga, lakini tabibu alikuwa amemkataza kusema mpaka koo lipone. Akakaa usiku kucha akaandika pingamizi, kurasa nyingi za mwandiko wa kubana, akianzia mkoani na kushuka cheo kwa cheo mpaka kwa wenyeviti wa masoko.

Kamati ikaligawa kwa wanafunzi walisahihishe kama zoezi. Likarudi mezani kwake siku ya pili bila muhuri. Pembeni, kwa wino mwekundu na herufi ndogo za mtu mwenye haya, palikuwa na swali moja:

"Samahani, Bwana. Mgonjwa ni nani?"