Mama Mkwe Kapalilia Maua Yangu

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuyamwagilia kila siku. Kosa la leo ni kubwa zaidi. Leo nimeaibika mchana kweupe, jamani, nawaandikia barua hii sabuni bado masikioni.

Mnakumbuka maua niliyopewa na mama mmoja wa Bunda? Yale yenye majani membamba, ukiyaona unasema nyasi tu, na chini yana vitunguu vidogo. Alinionya: "Usije ukavipika, vitakutapisha." Nikayapanda hapa Makoko, kando ya njia ya kuingilia nyumbani, kwa kamba na rula (ndiyo, rula). Asubuhi maji, jioni maji. Mwaka mzima, majani matupu! Hakuna aliyenifundisha. Nilikuja kugundua mwenyewe kwamba yanataka yakae na kiu kwanza, halafu yapate mvua kubwa.

Basi nikapanga. Leo mama yake Nyangeta, mchumba wangu, alikuwa anakuja kutoka Butiama kuona nyumba atakayoishi binti yake. Akiridhika, mambo yanaendelea. Asiporidhika, nimekwisha! Mwezi mzima nikayanyima maji. Juzi ikanyesha mvua ya kweli, na jana jioni nikaona vitumba vimejificha katikati ya majani. Arobaini na kimoja! (Nilihesabu mara tatu.) Sikumwambia mtu, hata dada yangu Bhoke aliyekuja jana toka Buhemba kunipikia. Nilitaka yawashtukize wote.

Mgeni tulimtarajia saa nane. Saa nne nikaingia bafuni, lile la mabati uani, na kipande changu cha sabuni (mnajua foleni yake dukani siku hizi). Kichwa kizima povu, nasikia: "Hodi!"

Kumbe kapata lifti ya lori la pamba.

"Karibu mama, pumzika kwanza," Bhoke anasema.

"Mimi sikaagi bure, mwanangu. Nipe jembe. Njia yote imemezwa na nyasi, huyu kijana anaishije hivi?"

Nikachungulia kwenye tundu la bati. Chwa! Maua matatu juu.

Sasa, kwetu mnajua. Mama mkwe humsemeshi, wala husimami mbele yake, mpaka mambo ya mahari yaishe. Nifanyeje? Nikaimba! Nilichukua tuni ya kanisani nikatia maneno yangu: "Ee Bhoke dada, hayo ni maua, mzuie mama, ee mzuie..."

Povu likaingia mdomoni, mabati yakavuma, maneno yakapotea, ikabaki tuni. Bhoke akadakia kutoka jikoni: "Aleluya!" Na mama je? Akashika sauti ya pili! "Anamwimbia Mungu hata bafuni," akasema, akaendelea kulima kwa kufuata mapigo. Nikiongeza sauti, anaongeza mwendo.

Halafu jembe likatulia.

"Bhoke, njoo uone! Kumbe kulikuwa na vitunguu! Masikini, nyasi zimevibana, havikukua. Vimenye tuvitie kwenye sato."

"Haya, mama."

Nikasikia mafuta yakichachatika. Nikamwona akilini mama mkwe akitapika njia nzima hadi Butiama. Mila inasema nisitoke. Nikatoka! Taulo la mtumba kiunoni (lile lenye picha ya bata), povu machoni, mpaka jikoni:

"Mama, usile! Sumu!"

Mama akavuta khanga akafunika uso. Bhoke kisu kikabaki hewani. Ndipo nikasikia nilichosema. Maneno yangu ya kwanza kabisa kwa mama mkwe ni kwamba chakula chake ni sumu!

Nikaanza kueleza. Kiu, mvua, vitumba, rula. Mkono mmoja umeshika taulo, mwingine unaonyesha kina cha kupandia (vidole viwili). Chini ya khanga mabega yakaanza kutikisika. Mungu wangu, nimemliza!

Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Bhoke," akasema bila kunitazama, "mwambie kaka yako akavae. Halafu aje anionyeshe jinsi ya kuyarudishia."

Tumeyapanda upya pamoja, yeye mwisho ule wa mstari, mimi huku, Bhoke katikati akibeba maneno.

"Mwambie mstari wake umepinda."

"Mwambie mama nimepima kwa rula!"

"Mwambie basi rula ndiyo imepinda."

Tisa tu ndiyo yaliyokuwa hayajaguswa na jembe. Alasiri yakafunguka, yote tisa, rangi ya waridi! Mama akachuchumaa mbele yake, akagusa moja kwa kidole. Kisha akasimama akanigeukia.

"Umeshanisemesha ukiwa na taulo. Tunafichana nini tena? Nisalimie."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu."

Mcheke, lakini kimoyomoyo. Nyangeta hajaambiwa habari ya bata, na asiambiwe. Asubuhi nilikuwa siruhusiwi hata kusimama mbele ya mama yake. Sasa hivi amekaa ukumbini, ananiita nikanywe naye chai.