Samaki Waliomkosa Mkurugenzi

Umma unatangaziwa kwamba samaki wa Mkurugenzi hawakufa kwa uzembe. Walikufa kwa mapenzi. Ofisi iliamua hivyo kwa kauli moja, na mimi nilikuwepo, kwa sababu ndimi mpika chai. Mikutano yote huwa nahudhuria, ila nikiwa nimesimama.

Mkurugenzi wetu ni mtu wa safari. Safari hii alialikwa semina ya siku tatu, kuhusu umuhimu wa kukaa ofisini. Kabla ya kuondoka alitukusanya mbele ya lile tangi la kioo lililo nyuma ya kiti chake, samaki wanne wekundu wakipita mgongoni mwake kama walinzi.

"Hawa ni wanangu," akasema. "Mwenye moyo nitamjua nikirudi."

Akanigeukia. "Na wewe binti, kibarua chako kinaisha. Nikiwakuta wazima, nakuajiri. Nikiwakuta vingine, usinisubiri mlangoni."

Nyumbani nina mama na wadogo zangu, na wote wanakula kwa kibarua hicho. Nilisikia vizuri sana.

Lakini gari lake halijapinda kona, Naibu akasema rasilimali hai haiwezi kukabidhiwa mtu wa darasa la saba. Ikaundwa Kamati ya Uratibu wa Lishe ya Majini. Mimi nikapangiwa kupika chai ya kamati.

Kazi ilianza kwa ari. Naibu alitia chakula kidogo, akatabasamu, akapigwa picha, ikarushwa kwa Mkurugenzi. Mhasibu alipoiona picha akaja kutia mara mbili yake, akisema idara yake haijafilisika. Mkuu wa Utumishi alivaa suti, akatia kiganja kizima, akarudia kwa sababu kwenye picha ya kwanza alifumba macho. Kopo la chakula likaisha, likanunuliwa kubwa zaidi. Chakula kikatanda juu ya maji kama utando wa uji uliopoa.

"Mzee," nikamwambia Naibu, "maji yananuka."

"Binti, harufu haimo kwenye ajenda."

Siku ya tatu samaki wote walikuwa kichalichali, matumbo juu. Kikaitishwa kikao cha dharura.

"Kamati haiwezi kuua," alisema Mhasibu. "Kamati hushauri tu."

"Basi nani kaua?" akauliza Mkuu wa Utumishi, na macho yote yakatua kwenye birika langu.

"Binti," akasema Naibu kwa upole, "humu si wewe unayefagia? Vumbi linaua."

"Kweli, mzee," nikasema, nikimmiminia. "Ila mimi niliwaona. Tangu Mkurugenzi aondoke walikuwa wakikitazama kiti chake tu. Nadhani wamekufa kwa kumkosa. Au wazee wangu mnaona haiwezekani mtu kumkosa Mkurugenzi?"

Nani angethubutu kusema haiwezekani?

Mkuu wa Utumishi akawahi kutoa leso. "Hilo mimi nililiona mapema," akasema. Naibu akadai aliliona kabla yake. Azimio likapita.

Mkurugenzi alirudi, akasomewa, akalengwa na machozi. Niliajiriwa siku ileile, maana shahidi wa jambo kubwa namna ile haachwi akazurura mitaani. Kisha akapeleka habari kwa Waziri, ajue ana kiongozi wa aina gani.

Waziri akaja mwenyewe. Akanywa chai yangu taratibu, akalitazama tangi tupu.

"Viumbe visivyo na akili vimekufa kwa kukukosa siku tatu," akasema. "Wananchi je? Dhambi hiyo siibebi. Safari zako zote nimezifuta. Atakwenda Naibu. Yeye akiondoka hakuna kinachokufa."

Naibu alianza kutabasamu, akasita katikati. Mpaka leo uso wake haujaamua.

Mkurugenzi sasa yupo ofisini kutwa, na watu wamegundua kwamba yupo. Wanabisha hodi tangu asubuhi, kila mmoja na faili lake la miaka. Jana aliniita, akafunga mlango.

"Dada," akaninong'oneza, maana siku hizi naitwa dada, "hebu kumbuka vizuri. Siku ile nilipoondoka, hukumwona hata mmoja aliyefurahi?"

"Niliwaona wengi, mkuu," nikamjibu. "Ila hao hawakuwa samaki."