Ombi la Kusitisha Ukarabati wa Manowari Namba Kumi na Saba

Kwa Mkuu wa Jeshi la Majini,

Mheshimiwa, niwie radhi kwa kuchelewa kukuandikia. Nilipoanza barua hii mwanangu hakuwa na jino hata moja. Sasa anayo manne, na kwa hayo manne ameshatafuna rada yenu.

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na ulinzi wa taifa. Ugomvi wangu ni na manowari namba kumi na saba, ambayo mume wangu, fundi saa, anaiunda kwa plastiki juu ya meza yetu ya chakula. Ingekwisha zamani. Ila kila mkiifanya ya kisasa ile yenu, picha hutoka kwenye jarida, naye huibandua yake aanze upya. Nikimwambia, baba, iache ilivyo, hunijibu kwamba meli isiyofanana na ile ya kweli ni uongo, na yeye hawezi kuishi na uongo mezani.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mlitoa mizinga mkaweka makombora. Mizinga yetu miwili niliikuta kwenye sukari.

2. Mliposogeza mlingoti, sisi tulihamia mkekani. Tunakula sahani ikiwa mapajani, tukinong'ona, maana gundi haijakauka. Mama mkwe alipotutembelea aliuliza tumefiwa na nani.

3. Mkaongeza uwanja wa helikopta. Hapo meli ikaizidi meza, na ubao wangu wa kupigia pasi ukafanywa gati. Tangu siku hiyo tunavaa mikunjo.

4. Mwanangu anatimiza mwaka tarehe ishirini mwezi ujao, na hajawahi kukaa mezani na wazazi wake. Sitaki makubwa. Nataka kiti chake kisogee mezani siku hiyo.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, msiiguse meli hiyo hadi tarehe ishirini ipite. Adui akija kabla, mwambieni asubiri. Kama ana mke, ataelewa. Ikishindikana, izamisheni, taratibu, watu wakishashuka. Mume wangu ataililia siku tatu, kisha atafuta meza.

Nisalimie mabaharia wote, wapishi wao, na zaidi wake zao.

Ni mimi, nikiwa bado mkekani,
Mke wa fundi saa

Tanbihi: Msiizamishe kwanza. Jana mchana mtoto alipolala nilikaa dakika mbili tu, nibandike rada mpya kwa kibanio changu cha nyusi. Nilipoinua kichwa chai ilikuwa imepoa na jua limehama dirisha. Baba yake ameikagua kwa miwani yake ya saa, hakupata kasoro. Tarehe ishirini iko palepale: meli itasogea, kiti kitakaa upande wa mbele, nimeshapima. Nilichopungukiwa ni hiki tu: picha ya nyuma ya meli, kutoka kushoto, idadi ya ngazi zake, maana jarida limezikata, kopo dogo la kijivu chenu halisi, chetu kimeelemea bluu, rada mbili za akiba, kwa sababu ya meno, na mkikusudia kubadilisha kitu kingine chochote, mniandikie mimi kwanza, si yeye.