Kreti ya Chupa na Gari Lisiloruhusiwa Kusimama

Sogeeni, enyi mlioketi vibarazani na enyi mnaopita na mikate kwapani, wenye watoto vyuoni na wenye watoto ambao bado wanalowesha godoro. Zimeni redio, mpeni kiti aliyechelewa, kwa maana nitawasimulia tendo kuu lililotendeka katika kijiji chetu cha Slivovrah, asubuhi moja ya mwisho wa Septemba, mbele ya lango la bluu la akina Penko, nami nililiona kwa macho yangu mawili nikiwa nimeegemea ukuta unaotutenganisha. Wako watakaowaambia kwamba hayo yalikuwa mambo ya kreti tu. Watu hao hawakuwepo.

Jina langu ni Dobri. Kamba iliyotumika siku ile ni yangu na haijarudishwa mpaka leo, lakini nitajitahidi kuwa mwadilifu kwa pande zote.

Ijulikane kwanza kwamba Nevyana, binti pekee wa Penko na Stanka, alikuwa amepata nafasi katika chuo kikuu kule Sofia, akasomee ujenzi wa madaraja. Katika ukoo ule hakuna aliyewahi kumaliza chuo. Mmoja alijaribu, Vasil, kaka yake Penko. Habari zake ni za kusikitisha na zitafika mahali pake. Na hazina ya nyumba, ambayo hata siku za neema haikupata kuwa jeshi kubwa, ilikuwa imekwisha kuangamia yote, askari hadi askari, katika vita vya ada ya bweni na viatu vya baridi.

Hapo ndipo aliposimama Stanka, mama wa msichana, malkia wa sufuria, mwangamizi wa pilipili hoho. Alisema: kama hatuna pesa ya kumlisha, tutamlisha bila pesa. Mwezi mzima moshi ulipanda uani mwake, nasi majirani tulikohoa kwa heshima. Alichoma hoho, akazimenya, akazisaga na nyanya, akapika lyutenitsa nzito, ile ambayo kijiko husimama wima ndani yake bila msaada. Akaifunga katika chupa za mdomo mpana, na pembeni akaweka maharage, kachumbari ya siki, na cheri zilizotulia katika maji yake matamu. Chupa hizo zilijaza kreti moja kubwa ya mbao, na kreti hiyo ndiyo iliyokuwa chakula cha Nevyana mpaka posho ya wanafunzi itoke, katikati ya baridi. Bila kreti, msichana angerudi nyumbani kabla theluji haijaanguka. Shikeni hilo.

Ikafika asubuhi ya safari. Penko, bwana wa mafundo, mpakizi asiye na mpinzani, alikuwa na gari dogo la kijani ambalo umri wake haujadiliwi mbele yake. Juu ya paa alifunga meza, kiti, na beseni. Buti lilipokea sufuria, viazi, na pasi. Kisha ukaja mfarishi wa sufu, lile blanketi nene la kujifunika, ulioshonwa na Bibi Rusana, mama yake Penko, kutokana na kondoo waliofahamika kwa majina. Mfarishi mzito, mpana, usiokunjika, ulioingia kiti cha nyuma kama mgeni aliyekasirika na kukikalia chote.

Nevyana aliutazama. Alikuwa msichana mkavu wa maneno, mwenye mkoba wake begani na kidevu chake juu.

"Sasa Mama atakaa wapi?"

"Mama hakai," akasema Stanka. "Mama anabaki."

"Tuuache huu basi. Uje wewe."

"Mwanangu, mfarishi utakupasha joto mpaka Machi. Mimi nitakupasha joto leo tu."

"Mama, wenzangu watanicheka. Nani siku hizi analala na kondoo mzima?"

"Wakicheka watapata joto na wao. Ingia garini."

Nikatoa maoni yangu kutoka ukutani, kama jirani mwema. "Penko, huo mfarishi ufunge mkanda, askari wa barabarani wasije wakakusimamisha."

"Kaka Dobri," akasema Penko bila kugeuka, "wewe lete kamba, maneno tunayo." Nikaleta kamba.

Stanka alikuwa ametoka na ile kreti mikononi. Akaiweka juu ya benchi la mawe kando ya lango ili amkumbatie bintiye, naye Nevyana akajiachia nusu tu, akinong'ona, "Mama, usilie, watu wanatuangalia." Watu nilikuwa mimi. Nikatazama mawingu.

Ndipo Bibi Rusana, mlinzi wa sheria za kale, akatoka na ndoo ndogo ya shaba iliyojaa maji, ua jekundu likielea juu, akayamwaga mbele ya magurudumu na kutamka kama walivyotamka mama zake: "Mambo yakutiririkie kama maji, mjukuu wangu." Gari likapita juu ya maji, likakohoa, likaondoka. Tukapunga mikono mpaka likazama nyuma ya kilima. Stanka akajifuta macho kwa aproni. Kisha akageuka, akaiona kreti juu ya benchi.

Sitayarudia maneno aliyoyasema, kwa kuwa yupo padri anayesikiliza.

Akapiga simu, akaweka sauti kubwa, na baraza la vita likakutana pale pale langoni. Gari lilikuwa limeshafika barabara kuu, mbali kwa mtu mwenye mzigo. Basi la kwenda Sofia lilifutiwa ruti tangu masika. Na ofisi ya bweni inagawa funguo mpaka saa sita mchana, asiyefika chumba chake anapewa mwingine.

"Nageuza sasa hivi," ikasema simu kwa sauti ya Penko.

"Usithubutu!" Bibi Rusana akainyakua simu. "Maji yamekwisha kumwagwa, na aliyemwagiwa harudi! Penko, umemsahau kaka yako?"

Wote tulimkumbuka. Vasil alitoka nyumba ile akiwa kijana mwenye akili kuliko wote wilayani; maji yakamwagwa, akafika kwenye kona, akarudi kuchukua mwavuli. Mwaka ule ule akaanguka mitihani. Leo anauza mbegu za alizeti mbele ya stendi, na mvua ikinyesha hana mwavuli.

"Mama, ule ulikuwa ulevi, si mwavuli," ikasema simu.

"Ulevi ulitoka wapi? Ulitokana na kurudi!"

Stanka alikuwa ameketi juu ya benchi kando ya kreti yake, ameikumbatia. "Basi atakula nini?" akauliza. "Jamani, mniambie, mtoto atakula nini?" Nilimwonea huruma kweli, na ninalisema hapa bila mapambo.

Ndipo ikasikika kwenye simu sauti ya pili, kavu na ya taratibu, sauti ya mjenzi wa madaraja. "Bibi, kurudi ni nini hasa?"

"Kurudi ni kurudi!"

"Hapana, niambie vizuri. Gari likipita tu hapo langoni, kama linavyopita gari la mtu yeyote, bila kusimama, na pua yake inaelekea Sofia, hilo limerudi?"

Bibi Rusana akafumba macho. Alikuwa akipitia, nadhani, hukumu zote za bibi zake, mmoja baada ya mwingine. "Lisisimame kabisa?"

"Kabisa."

"Na mguu wako usiguse chini?"

"Hautagusa."

"Basi hilo ni gari linalopita," akaamua. "Barabara ni ya serikali."

Mnaujua mzunguko wa barabara ya kinu cha unga, ule unaoteremka hadi mtoni na kuingia kijijini kwa chini, kwenye matope ya bata? Hakuna mwenye gari anayeupenda. Penko aliushika. Ewe Mtakatifu Nikola, msimamizi wa wasafiri, ulikuwa wapi gari lile lilipokuwa likiruka mashimo, meza ikicheza juu ya paa, na kamba yangu, kamba njema, ikishikilia peke yake? Ulikuwepo, maana tuliusikia mngurumo wa gari ukipanda kutoka mtoni, na bata wakitoa malalamiko.

Stanka akasimama katikati ya njia, aproni kiunoni, kandambili miguuni, kreti kifuani. Bibi Rusana alishika lango lifunguke lote, ingawa halikuhusika. Nami nikapanda juu ya ndoo ili niongoze mapambano.

Gari likatokea kwenye kona, gia ya kwanza, likinguruma kwa mwendo wa mtu anayewahi kanisani. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na Nevyana alikuwa amelala kifudifudi juu ya mfarishi ule ule aliouonea aibu, mikono yake yote miwili imenyooshwa nje.

"Baba, punguza!"

"Nikipunguza linazima! Likizima limesimama!"

"Stanka, upande wa kulia!" nikaamuru.

"Wa kulia kwako au kwangu?"

"Kimbia tu, mwanamke!"

Akakimbia. Enyi mlioona farasi wa mashindano, hamjaona kitu. Mama wa makamo, mwenye goti bovu, alikimbia kando ya gari lile na nusu ya kiangazi mikononi, chupa zikigongana, kandambili moja ikabaki nyuma na hakuitazama. Akaifikia pembe ya mlango. Akainua. Nevyana akashika mbao, akavuta, na kreti ikapanda juu ya mfarishi, ikazama kwenye sufu na kutulia humo bila ufa, nami nikatambua kwa nini kondoo wale walizaliwa. Chupa moja tu ilichupa, chupa ya cheri, ikatua kwenye majani na kujibingirisha hadi miguuni pa Bibi Rusana, nzima.

Kazi ilikuwa imekwisha. Stanka angeweza kuacha kukimbia. Lakini mkono wake mmoja ulikuwa umeshikwa.

"Niachie, mwanangu."

"Siachii."

"Neva, niachie, nitaanguka!"

"Panda."

"Nipande wapi, nimevaa aproni! Nina kiatu kimoja!"

"Mama, panda!" Na ule ukavu wote ukapasuka. "Naogopa, Mama. Naogopa kufika peke yangu. Baba atapakua mizigo halafu ataondoka, na sijui hata kutandika huu mfarishi. Panda!"

Stanka alimtazama bintiye, akatazama nyuma kwenye lango, kwenye sufuria zake, kwenye kuku ambao hawajalishwa, kwenye kandambili yake iliyolala katikati ya barabara. Nikapiga kelele, "Kuku nitawalisha mimi!" Sijui kilichonipata, siwapendi kuku wale.

Akaruka. Aliingia kichwa kwanza juu ya mfarishi, na mfarishi, ambao asubuhi ulikataa kabisa kukunjika, ukajikunja. Mguu mmoja uliokuwa hauna kiatu ulibaki nje kidogo, kisha nao ukavutwa ndani, na mlango ukafungwa. Gari halikusimama.

"Penko!" Bibi Rusana akamlilia mwanawe. "Umemchukua mke wako!"

"Na simrudishi, Mama!" Penko akajibu dirishani, kwa sauti ya furaha ambayo sijaisikia kwake tangu arusi yake. "Wewe ndiye uliyekataza kurudi!"

Tukabaki wawili njiani, mimi na bibi, na vumbi. Nikangoja anikemee kwa habari ya ndoo niliyopandia, maana ilikuwa yake, ile ya shaba. Hakunikemea. Aliinama, akaiokota chupa ya cheri, akaifuta kwa kiganja.

"Dobri," akasema, "yule mkwe wangu, tangu aingie nyumba hii, nimeshamwagia maji nani na nani?"

"Penko alipokwenda jeshini," nikasema. "Vasil. Na leo Neva."

"Na yeye?"

Nikafikiri. "Yeye hajawahi kwenda popote, Bibi."

Basi akaanza kufungua kile kifuniko. Stanka alikuwa amekikaza kwa nguvu zake zote, tukashindana nacho sote wawili mpaka kikalia *pop*. Maji hayakuwapo, ndoo ilikuwa tupu chini ya viatu vyangu. Bibi Rusana akasimama katikati ya njia na kumwaga maji mekundu ya cheri nyuma ya gari, cheri zenyewe zikifuatana hadi mtaroni, na akatamka: "Na wewe, Stanka, binti yangu. Yakutiririkie."

Hivyo ndivyo ilivyotekwa Sofia, na watu watatu, kreti moja na mfarishi. Funguo zilipatikana kabla ya saa sita. Stanka alipanda ngazi za bweni kwa kandambili moja na soksi ya mumewe, akautandika mfarishi kwa mikono yake, akaketi kitandani pa bintiye, na wale wasichana wa chumba kimoja, naambiwa, hawakucheka. Walikuja na vijiko. Alirudi kesho yake akiwa na viatu vya kuazima, na mpaka leo anatueleza dirisha la chumba kile linatazama wapi. Mtoto atakula mpaka katikati ya baridi, na hilo lilifanyika bila gari kusimama, nami ni shahidi.

Kamba iko Sofia. Wameifunga kutoka dirishani hadi kabatini, inaanikiwa soksi. Nimeamua nisiidai.