Kamati ya Upya Usiobadilisha Chochote

Umma unaarifiwa kwamba ofisi moja ya leseni huko Changamwe iliunda Kamati ya Upya Usiobadilisha Chochote, na uenyekiti akakabidhiwa Bwana Garama Tinga, mtu aliyejiona ndiye uthabiti wenyewe uliovaa tai.

Sababu ilikuwepo. Kompyuta za ofisi zilitumia mfumo wa Linux wa toleo thabiti, ambao programu zake hukaa zilivyo mpaka toleo jingine litoke, na hilo jingine lilikuwa bado mbali. Katikati hapo ndipo aliponasa Bi Kafedha wa Mjambere, akiwaombea leseni wenzake wauza viazi karai. Ombi liliandikwa saiba, kwenye duka la intaneti, kwa programu mpya. Likifunguliwa ofisini, majina yanaangukiana. Na askari wa kaunti walikwishaanza kuzoa makarai ya wasio na leseni.

"Mama, rudi na ombi lililonyooka," Tinga alimwambia.

"Mwanangu, kule saiba limenyooka. Linapinda likifika kwako."

Gladys, fundi wa kompyuta, akaeleza kwamba watengenezaji wenyewe wa Linux wana ghala la pembeni, lenye programu mpya zilizoundwa upya zikubaliane na mfumo wa zamani. Unachukua ile moja unayoitaka, mengine hayaguswi.

Tinga aliipenda fikra hiyo papo hapo, kwa hiyo akaiundia kamati. Kamati ikaazimia kwamba programu mpya isitumiwe mpaka izoeleke.

"Itazoeleka vipi bila kutumiwa, bosi?" Gladys aliuliza.

"Swali lako limepokelewa," alijibu Tinga, akahisi amefanya kazi kubwa.

Siku ya uzinduzi wa kamati alikuja mkurugenzi, Bi Quinter Oduor. Fununu zilikuwa zimeenea kwamba angemtangaza Tinga naibu wake, naye Tinga alikuwa amenunua viatu vya cheo hicho, vikimbana kwelikweli. Bi Kafedha naye alikuwapo, kwenye benchi lake la kila mara.

"Kilichopo tumekizoea hata kasoro zake," Tinga alihutubia. "Kuingiza kipya katikati ya matoleo ni kuhatarisha taifa. Anayetaka kipya, na asubiri."

Alipigiwa makofi. Yeye mwenyewe machozi yalimlengalenga, kwa jinsi alivyoguswa na maneno yake.

Bi Quinter akasimama. "Bwana Tinga, umenifumbua macho. Nilikuja kukutangaza naibu wangu. Kumbe ningeingiza kipya katikati ya matoleo. Utabaki ulivyo, pamoja na kasoro zako, mpaka muundo mpya wa idara utoke."

"Utatoka lini, mheshimiwa?"

"Ukiwa tayari."

Wageni walipoondoka, Tinga alibaki amesimama kama aliyesahauliwa na gari la msiba. Bi Kafedha akasogea kumpa nafasi kwenye benchi.

"Keti, mwanangu. Hapa ndipo tunaposubiria."

Akaketi. Benchi lilikuwa gumu, hakuwahi kulijaribu. Akavua viatu, akamwita Gladys.

"Ile programu ya ghala la pembeni, kuiweka huchukua muda gani?"

"Ukinipa ruhusa, chai yako haitapoa."

Akampa. Chai ilikuwa bado ya moto ombi lilipofunguka, majina yamejipanga kila moja mahali pake. Bi Kafedha akaondoka na leseni, akaaga kwa heshima zote.

Tinga akasogeza kiti karibu na meza ya fundi, akashusha sauti.

"Gladys, huko kwenye ghala la pembeni, hakuna vyeo?"

"Nitaangalia, bosi," alisema Gladys. "Ila itabidi vipitie kwenye kamati."