Shikamoo Niliyompa Glory

Jumatatu, 2 Desemba 2024. Lushoto.

Zimebaki siku sita nirudi Kenya, na hali ni mbaya. Picha ninazo za kutosha. Mimi na msitu wa Magamba, mimi na ukungu, mimi na kabichi kubwa kuliko kichwa changu. Mwalimu Kornelio, aliyekwenda Kigali mwaka jana akarudi kututambia ofisini hadi chai ikapoa, safari hii atanyamaza. Hilo limekwisha. Tatizo ni Glory.

Niandike yote, maana baadaye nitakana. Glory ndiye mwenye nyumba hii ya wageni. Mjane, miaka arobaini na mitano. (Nimemdodosa Hadija, mpishi wake, kwa siku tatu kupata umri huo.) Mimi Hezekia nina arobaini na minane, mgane, karani wa sekondari kule Wundanyi, meno yote yapo. Hesabu iko wazi. Ila siku niliyofika nilifanya jambo. Abiria mwenzangu kutoka Mombo alinifundisha kwamba Watanzania wanapenda heshima: nimwage shikamoo kila nikanyagapo, nitaishi kama mfalme. Kwetu shikamoo tunakutana nayo kwenye mtihani wa Kiswahili tu. Nikaimwaga. Nikampa kondakta, nikampa muuza karoti, nikampa fundi viatu ambaye nadhani hajafika ishirini. Kisha mlango wa nyumba hii ukafunguliwa, akatoka mwanamke mwenye kitambaa cha njano na kicheko kilichotangulia mbele yake, nami nikainama nusu nikasema shikamoo mama.

Alinitazama. Akazitazama nywele zangu, ambazo nilizipaka kanta kabla ya safari zikawa nyeusi tii. Kisha akasema marahaba, mwanangu.

Tangu siku hiyo mimi ni mtoto. Makande napewa kwenye sahani ndogo. Naulizwa kama nimenawa. Juzi nilitaka kwenda kwenye mwamba wa Irente peke yangu, akakataa, akasema nitateleza. Na mwanamke uliyempa shikamoo humtongozi. Nilimuuliza Hadija, kwa mfano tu, akasema haiwezekani, huyo ni mama yako tayari. Hadija kwa kawaida hana msimamo juu ya kitu chochote. Kwa hiyo shikamoo ile lazima ifutwe kabla ya Jumapili. Nina mpango.

Jumanne, 3 Desemba

Mpango wa kwanza: mvi. Chini ya kanta nina mvi nyingi, za halali kabisa. Nikizitoa, Glory ataniona, atashtuka, ataomba radhi. Rahisi.

Saa mbili asubuhi nilijifungia bafuni na ndimu nne. Kanta haikutikisika. Nikatumia sabuni ya mche. Nikatumia majivu ya jikoni. Nikatumia kitu cheupe nilichokikuta kwenye kopo la Hadija, na hicho kilifanya kazi, ila hakikwenda mpaka mwisho. Saa nne nilitoka na nywele za rangi ya barabara ya Magamba wakati wa mvua. Masikio yalikuwa meusi.

Glory aliniita dirishani kwenye mwanga. Akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, akauliza nimekula nini. (Nakiri: kiganja kile ndicho kitu bora kilichonipata tangu nivuke mpaka.) Kisha akamwambia Hadija kwamba mtoto huyu asiachwe tena peke yake na vitu vya kufulia. Akanipa kofia ya sufu aliyoifuma mwenyewe. Ni ya joto, ila juu ina kidonge cha uzi kinachorukaruka nikitembea.

Mpango umeshindwa. Kofia sitaivua, hata hivyo.

Jumatano, 4 Desemba

Mpango wa pili ni Zuberi. Huyu ni mwongoza wageni, mtu wa Magamba, miaka thelathini na tisa. Ni mwanamume mrefu, na Glory anamchekea sana anapoleta uyoga. Nilikuwa nimeanza kumchukia. Hadija akaniambia ana mke na watoto watano, nikaanza kumpenda.

Leo Glory aliniruhusu kwenda Irente kwa sharti kwamba Zuberi anishike mkono penye mwamba. Alinishika. Tulisimama juu pale, nchi yote ya Mazinde imelala chini na mashamba ya mkonge yamepangwa kwa mistari, na mimi sikuona kitu kwa sababu nilikuwa najadiliana. Nilimwambia Zuberi: tukifika nyumbani, Glory akiwa anasikia, nipe shikamoo kwa sauti kubwa. Yeye anaujua umri wako. Atapiga hesabu. Zuberi akafikiri, akasema sawa, ila mama yake ana gunia la viazi hapo bondeni linalotakiwa kufika mjini, na yeye Zuberi mgongo unamsumbua.

Nimebeba gunia. Ni kilomita ngapi sijui, nililia kidogo kwenye kona. Hata hivyo tulifika, na Glory alikuwa amesimama mlangoni akichambua maharage. Nilijipanga mbele ya Zuberi, nikaweka mikono nyuma kama mzee wa baraza. Zuberi, mtu wa neno lake, akapaza sauti: shikamoo!

Marahaba, akajibu Glory kutoka nyuma yangu.

Na ni haki yake! Ana miaka sita zaidi ya Zuberi. Sikulifikiria hilo. Akasema anafurahi kuona vijana tumerudi salama, na kwa kuwa tuko wawili na tuna nguvu, kuna kuni uani hazijapasuliwa. Tumepasua kuni hadi magharibi. Zuberi alicheka peke yake mara tatu, na mgongo haukumsumbua hata kidogo.

Alhamisi, 5 Desemba

Mpango wa tatu, wa kisomi. Pasipoti! Mwaka wa kuzaliwa umo ndani, umepigwa chapa na serikali. Asubuhi niliiacha mezani, wazi, kana kwamba nimeisahau, nikaiegemeza kwenye chupa ya chai ili isomeke hata na mtu anayepita haraka. Kisha nikaenda kujificha nyuma ya banda la kuku.

Nilirudi baada ya nusu saa. Pasipoti haipo. Glory akatoka chumbani akiwa ameishika. Alikuwa ameitia kwenye mfuko wa nailoni, na kuufunga kwa uzi, akaushona papo hapo kwenye mfuko wa ndani wa koti nililovaa. Akasema mtoto anayeacha pasipoti hovyo hafiki kwao. Akaukata uzi kwa meno, uso wake karibu na kifua changu.

Mchana mzima mvua. Nimekaa jikoni. Glory alikuwa anachambua mchele na kuimba sehemu yake ya kwaya, ile sauti ya pili peke yake, isiyoeleweka bila wenzake, na nikaielewa. Niandike ukweli hapa maana hakuna anayesoma. Tangu mke wangu Wakesho afariki, miaka sita sasa, nakula nimesimama. Nafungua sufuria, nakula humohumo, naosha kijiko. Hapa nimekaa kwenye kiti siku kumi, nimeulizwa kama nimeshiba. Sitaki kurudi kusimama. Sahani ndogo si neno, naweza kula sahani ndogo maisha yangu yote, ila si kama mwanawe.

Mpango wa nne haujapatikana.

Ijumaa, 6 Desemba

Siamini!

Leo nilimwomba Hadija daftari la wageni niandike maoni yangu kabla sijaondoka. Nikalifungua ukurasa wa siku niliyofika. Jina langu. Namba ya pasipoti. Tarehe ya kuzaliwa: 14 Machi 1976. Mwandiko wa Glory. Alijua tangu siku ya kwanza, nikiwa bado na begi mkononi.

Nilikwenda na daftari mpaka bustanini, kofia kichwani, nikamwonesha mstari ule kwa kidole. Hakukana. Aliendelea kung'oa karoti. Akasema ndiyo, alinukuu mwenyewe, na alicheka peke yake usiku ule. Akasema mwanamume mzima amejipaka kanta aonekane kijana, kisha anamwinamia na kumfanya mama yake mlangoni kwake, mbele ya wageni wengine. Ilimuuma. Basi akaamua aniachie niubebe ujana wangu mpaka niutue mwenyewe. Nikamuuliza ningeutuaje. Akasema ningekuja asubuhi yoyote kati ya hizi, ningemwambia habari za asubuhi, Glory. Basi. Alikuwa akisubiri kule jikoni kila siku, na kufikia jana alikuwa amekaribia kuchoka.

Ndimu nne. Gunia la viazi.

Nikasema, pale pale kwenye matope, habari za asubuhi, Glory. Akajibu nzuri, Hezekia. Ilikuwa saa sita mchana, lakini hakuna aliyelalamika.

Kisha akasema jambo zito. Kesho anakwenda Bumbuli kwa mama yake, anayeitwa Mama Yonathani kwa jina la mwanawe, kaka mkubwa wa Glory. Ni muuguzi mstaafu, miaka sabini na minane. Nikitaka, twende wote. Mama akinikubali, nije Pasaka na wazee wangu tuzungumze. Mama akinikataa, hakuna mazungumzo, kwa sababu yeye hajawahi kumpinga mama yake na hataanza leo. Akaniomba kitu kimoja tu: nimsalimie mama vizuri. Mama ni mkali wa salamu. Aliwahi kumrudisha mchungaji getini.

Nimeahidi. Nimenunua kanta mpya dukani ili nionekane mtu. Sasa nafikiria salamu. Nimejifunza somo langu: shikamoo inazeesha wanawake, na wanawake inawauma. Glory mwenyewe kasema hivyo. Ilinigharimu siku kumi na moja. Sirudii kosa.

Jumamosi, 7 Desemba. Bumbuli, kisha Lushoto.

Tulipanda gari la Noah asubuhi. Glory alikuwa amevaa gauni la kanisani. Aliitazama kanta yangu, akafumba macho kidogo. Akanivuta kofia mpaka kwenye nyusi.

Mama Yonathani alikuwa amekaa kibarazani, mgongo wima, fimbo magotini, miwani imening'inia kwa kamba. Glory alipiga goti, akasalimia. Kisha ikawa zamu yangu. Nikatabasamu, nikanyoosha mkono, nikasema kwa uchangamfu wote nilio nao: mambo vipi, dada?

Kuku waliacha kuparura. Mama Yonathani hakuushika mkono. Alivaa miwani, akanitazama kuanzia viatuni kwenda juu, akafika kwenye kidonge cha uzi, akakaa hapo. Glory alikuwa amejiziba uso kwa kanga. Mabega yalikuwa yanatikisika na sikujua analia au anacheka. Kisha wakazungumza Kishambaa, kirefu, hasa mama.

Glory alinitafsiria kwa shida. Mama anasema salamu ile hana jibu lake. Kwa kuwa hakuijibu, hajasalimiwa. Kwa kuwa hajasalimiwa, mgeni hajafika. Na mtu ambaye hajafika hawezi kukubaliwa wala kukataliwa. Basi nirudi Pasaka, nifike.

Kwa sababu sikuwa nimefika, sikuweza kuingia ndani. Nilipewa chai nje ya ua, Glory akinipitishia kikombe juu ya michongoma, na kiazi kimoja, kisha kingine. Nilisimama kwa saa mbili nzima, ila hakuna siku niliyofurahia kula nimesimama kama leo. Glory alisimama upande wake wa ua muda wote. Mama alimwita mara mbili aingie, akachelewa mara zote mbili.

Tulipokuwa tunaondoka mama alipaza sauti kutoka kibarazani. Nilimuuliza Glory amesema nini. Akasema mama anataka kofia ile niivae tena Pasaka, ili anitambue nikiwa bado mbali na apate muda wa kujiandaa.

Sijakataliwa! Tena kaniagiza mavazi.

Jumapili, 8 Desemba. Holili.

Naandika nikiwa kwenye foleni ya mpaka. Glory alinisindikiza stendi alfajiri. Alinipa matunda ya plamsi kwenye kikapu na makande kwenye kontena, kontena kubwa. Akasema nikifika Wundanyi nimpigie. Hakuniita mwanangu. Akasema pia, taratibu, kama anamfundisha mtu kuandika, kwamba mama yake anasalimiwa shikamoo, na yeye habari, na tofauti ni umri, hakuna zaidi. Nilitikisa kichwa. Basi lilikuwa linaunguruma na nilikuwa naangalia kitambaa cha njano, lakini kiini nimekipata.

Ofisa wa dirishani ni msichana wa miaka ishirini na kitu, sare imenyooka. Nimeona nianze kwa heshima, mambo yaende haraka. Nikainama nikampa shikamoo. Akasema marahaba. Kisha akaniuliza pasipoti iko wapi, na imeshonwa kwenye koti. Amenirudisha nyuma ya foleni nikaifumue.

Nafumua kwa meno, polepole, nisikate uzi wake. Kichwani nimekwisha kupitia suala la Bumbuli kwa utulivu, na sasa naona nilipokosea. Kosa lilikuwa neno dada. Lina ukavu, kama la mtu anayeuliza njia. Pasaka nitafika na wazee wangu wawili na kofia yangu, nitavuka ua, nitapiga goti mbele ya kiti kile, nami nitamwita mrembo.